Kuhoji kijiko cha chai: jinsi Perec alivyotengeneza vianzio vya kuandika

Februari 1973 mwandishi Mfaransa Georges Perec alichapisha katika jarida la Cause commune makala fupi yenye maagizo ambayo hakuna mwalimu wa insha aliyewahi kuyatoa. Alimtaka msomaji aeleze barabara ya mtaani kwake, kisha aeleze nyingine na kuzilinganisha. Alimtaka aorodheshe vitu vilivyomo mfukoni na mkobani mwake, na kwa kila kimoja ajiulize kimetoka wapi, kinatumika kufanyia nini, na mwisho wake utakuwa upi. Avihoji vijiko vyake vya chai. Ahesabu ni miondoko mingapi ya mkono inayohitajika kupiga namba moja ya simu.

Perec hakuwa akifanya mzaha. Alilalamika kwamba magazeti huzungumzia ajali, maafa na vioja, lakini yale yanayotokea kila siku na kurudi kila siku hayana wa kuyaandika. Maagizo yake yalikuwa dawa ya upofu huo. Na kwa yeyote anayetaka kujua kwa nini baadhi ya vianzio vya uandishi huru huzaa kurasa na vingine huzaa mistari miwili tu, makala ile ni pa kuanzia.

Chukua kianzio kinachopendwa sana siku hizi kwenye programu za simu na madaftari ya tafakuri: unajisikiaje leo? Mtu anashika kalamu, anaandika kwamba amechoka ila anamshukuru Mungu, na amemaliza. Tatizo liko katika umbo la swali. Linamdai mwandishi hitimisho kabla hajapata nafasi ya kukusanya ushahidi, na hitimisho la haraka huwa lilelile la jana. Swali la mfukoni halidai hitimisho lolote. Linadai vitu.

Tuseme anayeandika yuko Dar es Salaam na mfukoni mna ufunguo wa kufuli, noti ya shilingi elfu mbili iliyolegea, na risiti ya duka la dawa. Ufunguo na noti havimsumbui. Akifika kwenye risiti na swali la imetoka wapi, analazimika kuandika ni dawa ya nani. Akifika kwenye itaishia wapi, analazimika kusema kwa nini bado anaitunza ilhali dawa ilishakwisha. Hapo tayari yumo ndani ya habari ya mama yake, na hakuna aliyemwambia aandike kuhusu mama. Hisia imekuja yenyewe, imepitia kwenye karatasi yenye tarehe na bei. Ndiyo maana kianzio kizuri huonekana kidogo na kikavu: ukavu huo humpa mwandishi kitu cha kushika.

Chombo cha pili alichokitumia Perec hakikuwa chake. Kilitoka Marekani kwa Joe Brainard, mchoraji aliyezaliwa Arkansas mwaka 1942 na kukulia Tulsa, Oklahoma. Mwaka 1969 Brainard alianza kuandika aya fupifupi ambazo kila moja ilifunguka kwa maneno yaleyale, “nakumbuka”, na mwaka 1970 zikatoka kama kitabu, I Remember. Hazina mpangilio wa miaka. Chakula kinafuatwa na aibu ya shuleni, nguo inafuatwa na mwigizaji wa filamu. Kimojawapo cha visa vyake vya mwanzo ni cha mtoto anayeyaona kwenye bahasha maelekezo ya posta kuhusu kurudisha barua baada ya siku tano, akaamini kwamba yeye ndiye anayepaswa kuirudisha.

Ukikifungua kianzio hiki kama fundi anavyofungua saa, unakuta sehemu chache tu. Kwanza, ni kitenzi kinachodai yambwa: huwezi kuandika “nakumbuka” ukaacha hapo, lazima kitu kifuate. Pili, kwa kuwa kila aya inaanza upya, mwandishi amesamehewa kazi ngumu kuliko zote, ile ya kuunganisha. Hahitaji “baada ya hapo” wala “kwa upande mwingine”. Kumbukumbu moja ikikauka, anarudi kwenye neno lake na kuanza tena. Na kwa sababu mpangilio wa miaka umeondolewa, kumbukumbu huitana kwa harufu, kwa rangi au kwa jina, jambo ambalo wasifu wa kawaida hauruhusu.

Perec alilisikia jambo hili kwa rafiki yake, Mmarekani Harry Mathews, na kati ya 1973 na 1977 akaandika Je me souviens, kilichotoka mwaka 1978 kikiwa na kumbukumbu 480 zenye namba. Alikiri waziwazi ndani ya kitabu kwamba jina na umbo vimetoka kwa Brainard. Lakini aliongeza sharti moja, na hapa ndipo ufundi wake ulipo. Brainard aliandika mengi yaliyokuwa yake peke yake. Perec alitaka kumbukumbu ndogo, zisizo na umuhimu, karibu zimesahaulika, ambazo watu wengi wa rika lake wanazo: matangazo ya biashara, wapanda baiskeli, nyota wa filamu, vituo vya treni za chini ya ardhi. Nyingi ni za miaka ya 1946 hadi 1961, kutoka umri wake wa miaka 10 hadi 25.

Sharti hilo linaeleweka vizuri zaidi ukijua maisha yake. Baba yake alikufa vitani mwaka 1940. Mama yake, Myahudi, alichukuliwa na kupelekwa Auschwitz mwaka 1943 na hakurudi. Katika W ou le souvenir d'enfance, kitabu cha mwaka 1975, Perec alisema hana kumbukumbu za utotoni. Mtu wa namna hiyo ukimwambia aandike kuhusu kumbukumbu yake muhimu kuliko zote, umemfungia mlango. Kumbukumbu za wote, zile alizochangia na mtu aliyekaa kiti cha jirani sinemani, zilimpa pa kuingilia. Mwishoni mwa kitabu aliomba ziachwe kurasa tupu ili msomaji aandike za kwake.

Sharti la Perec linahamishika. Mkenya aliyesoma shule ya msingi miaka ya 1980 ukimwambia “maziwa ya Nyayo” hatajibu kwa sentensi moja. Mpango huo wa maziwa ya shuleni ulianza mwaka 1979 chini ya Rais Moi, na kinachobaki vichwani mwa watu ni pakiti ile ya pembetatu, jinsi ilivyopasuliwa kwa meno, nani aligawa, nani alipata mbili. Mtanzania wa rika hilo mtajie kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, na kabla hajafika kwenye hadithi yenyewe ataanza na redio: ilikaa wapi sebuleni, nani aliruhusiwa kuigusa, betri zilianikwa juani mara ngapi kabla ya kununuliwa mpya. Hakuna aliyemuuliza kuhusu umaskini wala mamlaka ya baba, lakini vyote viwili vimo.

Kuna suala la muda, na hapa wataalamu wanapingana kwa namna inayofundisha. Peter Elbow, mwalimu Mmarekani ambaye kitabu chake Writing Without Teachers cha mwaka 1973 kiliueneza uandishi huru, alishauri kuandika dakika kumi mfululizo bila kuinua kalamu, bila kufuta, bila kurudi nyuma kusoma. Ukikosa la kusema, andika kwamba umekosa la kusema, ilimradi mkono usisimame. Perec alifanya kinyume kabisa. Alieleza kwamba ilimchukua kati ya robo saa na dakika arobaini na tano za kuelea tu kabla kumbukumbu moja haijajitokeza. Mbinu ya Elbow hupambana na woga, yule hakimu wa ndani anayekata kila sentensi. Ya Perec hupambana na usahaulifu. Anayeogopa ukurasa mtupu na aanze na dakika kumi. Anayeandika kwa wepesi lakini kila mara yaleyale anahitaji kukaa kimya kwanza. Vianzio vingi vya kila siku hushindwa kwa sababu haviwatofautishi watu hawa wawili.

Haki inadai pia kutaja upande usiopendelea vijiko. Katika utafiti wa James Pennebaker na Sandra Beall uliochapishwa mwaka 1986, wanafunzi 46 wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Wengine walipewa mada za kawaida zisizo na uzito. Wengine waliandika kuhusu jambo lililowaumiza maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku hizo, lakini katika miezi sita iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Mada za kawaida hazikuleta nafuu hiyo. Kwa hiyo anayeandika ili apumue ana kazi moja, na anayeandika ili aone ana nyingine. Kosa ni kumpa wa pili vianzio vya wa kwanza, na madaftari ya dukani hufanya hivyo karibu kila ukurasa.

Shule zetu zilikuwa na kianzio chao. Mtihani wa Kenya wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, mara nyingi ulimpa mtahiniwa maneno ya kuanzia au ya kumalizia insha, na dakika 40. Kianzio hicho kilifanana na cha Brainard kwa sura tu. Kilikuwa na alama nyuma yake, na watoto wakajilinda kwa kukariri: jogoo anawika, jua linachomoza, methali tatu, tashbihi mbili, ndipo kisa kianze. Mtoto ambaye angeweza kueleza kwa usahihi jinsi shangazi yake anavyofunga mzigo wa sukumawiki alijifunza kwamba shangazi haingii kwenye insha.

Vianzio vya Perec navyo vimechakaa kwa sehemu. Simu ya kuzungusha namba haipo tena mezani. Anayetaka kuvitumia leo Mombasa au Mwanza itambidi avitengeneze upya kwa kanuni ileile: kitu kilicho mkononi, kinachojulikana na wengi, kisichodai hitimisho. Ujumbe wa mwisho wa M-Pesa: kiasi gani, kwa nani, na maneno gani yalisemwa kabla ya kutuma. Ndoo na madumu yote ya nyumbani, na kila kimoja kilikuwa na nini kiwandani. Majina yaliyobaki kwenye simu ya watu ambao hawapigiwi tena. Maandishi ya daladala au matatu ya asubuhi, na nani alikaa upande wa dirisha. Njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni umeme ukiwa umekatika, hatua kwa hatua, na vitu ambavyo mguu unavijua.