Kompyuta ya Kwanza ya Gemu za 4K: Nini cha Kuangalia Kabla ya Kulipa

Dukani macho huvutwa na taa za rangi, kasha la kioo na tarakimu kubwa za GHz. Mjuzi huyapita hayo, akaanza na skrini, kwa kuwa ndiyo inayopanga ukubwa wa kazi. Skrini ya Full HD ina pikseli 1920 kwa 1080, milioni 2 na ushei. Ya 1440p ina milioni 3.7. Ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina milioni 8.3, na zote zinapaswa kuchorwa upya walau mara 60 kwa sekunde ili gemu iende laini. Chagua mzigo kwanza, ndipo utafute wa kuubeba.

Skrini nayo ina mtego wake. HDMI 2.0 huishia 4K kwa 60 Hz. Ukitaka 120 Hz, usitosheke na "HDMI 2.1" iliyoandikwa kwenye boksi, maana kanuni zinamruhusu mtengenezaji kuiandika hata kama soketi haina kasi yote. Soma maelezo mpaka uone 4K na 120 Hz zikitajwa pamoja, kwa soketi utakayoitumia.

Kadi ya grafiki

Hapa ndipo fungu kubwa la pesa linapokwenda, na hapa ndipo majina hudanganya. Mwaka 2022 NVIDIA ilitangaza kadi mbili zenye jina RTX 4080, moja ya GB 16 na nyingine ya GB 12, kumbe hata chipu zake ni tofauti. Wateja walilalamika, ile ya GB 12 ikaondolewa kabla ya kuuzwa, na mwanzoni mwa 2023 ikaingia sokoni kwa jina RTX 4070 Ti. Ni kitu kilekile. Kilichobadilika ni lebo na bei.

Kwa hiyo soma mambo mawili. La kwanza ni kumbukumbu ya kadi: kwa 4K, lenga GB 16. Ikijaa, kadi huanza kuazima RAM ya kompyuta iliyo mbali na yenye kasi ndogo, na gemu huanza kukwamakwama. La pili ni kasi ya kumbukumbu hiyo. RTX 4060 Ti ya GB 16 hupitisha GB 288 kwa sekunde; RTX 4070 Ti Super, yenye GB 16 vilevile, hupitisha 672. Ya kwanza ni pipa kubwa lenye bomba jembamba.

Ukinunua iliyotumika, omba iendeshwe kwa gemu nzito nusu saa mbele yako huku ukisikiliza feni na kutazama joto. Fungua pia GPU-Z, programu ya bure inayoweza kufichua chipu ya zamani iliyovishwa jina jipya.

Pawa saplai

Muhuri wa 80 Plus Gold hueleza ni umeme kiasi gani unaopotea kuwa joto. Hausemi lolote kuhusu uimara wa kapasita wala kinga dhidi ya umeme kupanda ghafla. Geuza kifaa usome stika: tafuta ampea za laini ya volti 12, uzizidishe kwa 12. Ampea 62 ni wati 744, kwa hiyo jina la "wati 750" ni la haki. Ukikuta ampea 40, laini hiyo inatoa wati 480 tu, ilhali RTX 4080 peke yake inaweza kula 320. Angalia na waranti: mtengenezaji anayetoa miaka kumi anakijua alichokifunga ndani. Kebo za kuchomoa za pawa saplai nyingine usiziazime hata zikiingia vizuri. Mpangilio wa nyaya hutofautiana na unaweza kuunguza diski.

Vilivyobaki

Kwenye 4K kadi ndiyo huchoka kwanza, hivyo prosesa ya kati kama Ryzen 5 7600 hutosha kwa gemu nyingi. RAM nunua vipande viwili vya GB 16 badala ya kimoja cha 32, ili vifanye kazi sambamba, kisha washa EXPO au XMP, yaani mpangilio wa kasi ya RAM, kwenye BIOS. Bila hivyo RAM hubaki kwenye kasi ya chini. Kasha liwe na wavu mbele. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, hewa inayoingia tayari ni ya moto, na kioo kilichoziba mbele huongeza joto juu ya joto.

Bajeti ikibana, punguza kwenye mazabodi na kasha, kisha kwenye prosesa. Ikibana zaidi, shuka hadi 1440p, ambako kadi ya bei ya chini itafanya kazi kwa raha. Pawa saplai iache kama ilivyo: skrini na kadi utazibadilisha baadaye ukipata, lakini pawa saplai mbovu inaweza kuondoka na kadi yenyewe.