Kumchagulia Kijana Pango la Kwanza

Mwongozaji hodari wa mapango humaliza nusu ya kazi yake kabla hajagusa kofia wala tochi, pale anapoamua vijana wake waingie pango gani. Watu humsifu kwa ujasiri wake gizani. Mimi namsifu kwa uamuzi huo.

Tuchukue Mapango ya Amboni, mwendo mfupi kutoka Tanga mjini, kando ya Mto Mkulumuzi. Mwamba wake ni chokaa ya zama za Jurasiki, iliyochimbwa polepole na maji yenye asidi hafifu. Mapango yapo kadhaa, lakini wageni hupelekwa katika moja tu. Mna kumbi ambamo kijana anasimama wima na kushangaa, mna vijia vinavyomlazimu ainame, na mna giza ambalo mtoto wa mjini hajawahi kuliona. Kwa wanafunzi wa miaka 14 wasiowahi kuingia pangoni, hayo yanatosha kabisa. Kamba hazihitajiki, na anayechoka anaweza kurudishwa kwa njia ile ile aliyoingilia.

Kipimo chenyewe ndicho hicho. Mwongozaji halipimi pango kwa yule machachari anayetaka kutangulia, bali kwa aliye nyuma kabisa, mkimya, aliyekuja kwa sababu rafiki zake wamekuja. Je, huyo ataweza kutoka kwa miguu yake akiwa amechoka na ameingiwa na hofu? Kama jibu linasitasita, pango hilo lisubiri.

Mtazame mwongozaji wa namna hiyo anapofika penye kijia chembamba. Hamwambii mtoto asiogope. Anapiga magoti, anaimulika sakafu mpaka kule njia inapopanuka, kisha anatangulia, anageuka na kuketi upande wa pili uso wake ukionekana. Kijana anaweka kiganja kwenye sakafu, anahisi ubaridi na unyevu wake, anasikia kofia ikikwaruza jiwe, anatambaa. Ni hatua chache tu, lakini akiinuka upande wa pili anasimama kwa namna nyingine. Hapo hapo anaonyeshwa mawe yaning'iniayo na kuelezwa kwa nini hayashikwi: hukua kwa sehemu ndogo tu ya milimita kwa mwaka, na mafuta ya vidole huyaharibu.

Maji yanataka akili zaidi. Tarehe 23 Juni 2018 wavulana 12 na kocha wao waliingia pango la Tham Luang, kaskazini mwa Thailand. Walikuwa wakilijua pango lile. Mvua iliponyesha, maji yakawafungia ndani, na wa mwisho wao walitolewa tarehe 10 Julai, baada ya mzamiaji mmoja, Saman Kunan, kupoteza maisha. Basi mwongozaji wa Tanga hatazami wingu lililo juu ya mlango wa pango peke yake. Huuliza pia mvua imenyesha wapi huko mto unakotoka. Masika yakishika, hapangi safari.

Halafu kuna popo. Kitum, katika Mlima Elgon, ni pango la ajabu: tembo huingia humo usiku na kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Kijana gani hatatamani kuliona? Lakini mwaka 1987 mvulana Mdenmaki wa miaka 15 aliyekuwa amelitembelea alifariki kwa virusi vya Marburg, na baadaye wanasayansi walithibitisha kwamba virusi hivyo hubebwa na popo wala matunda waishio mapangoni. Amboni pia kuna popo. Kwa hiyo mwongozaji makini huulizia mapema ni popo wa aina gani, wamelala upande upi, na kama njia inapita chini yao. Asipopata jibu la kueleweka, hawapeleki watoto wa watu.

Mapango ya Suswa, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, yaliachwa na zaha ya volkano. Mawe ya sakafuni yamevunjikavunjika na yanachosha vifundo vya miguu. Ningeyaacha kwa safari ya pili.

Mengine ni desturi za kazi: kila mmoja awe na taa zaidi ya moja, na mtu aliyebaki nje ajue saa ya kurudi.

Ila uamuzi mgumu kuliko yote huja asubuhi ya safari, mvua ilipokesha ikinyesha milimani. Basi limeshalipiwa, vijana wamenuna, mzazi anapiga simu kutaka maelezo. Mwongozaji anamjibu kwa adabu kwamba mto umejaa, na papo hapo anamtajia tarehe nyingine, ya kiangazi.