Kompyuta Haijakosa
Mtumiaji wa Windows 10 anayejaribu kuhamia Windows 11 kwenye mashine ya zamani huambiwa kwamba kompyuta yake haikidhi vigezo. Tuusome ujumbe huo kama maandishi mengine. Kiima cha sentensi ni kompyuta, kwa hiyo kosa ni lake. Microsoft, iliyoviweka vigezo hivyo mwaka 2021, haitajwi.

Vigezo hivyo vinadai, pamoja na mengine, prosesa ya miaka ya karibuni na kinga iitwayo TPM 2.0. Hoja ya usalama ina uzito. Lakini mashine iliyoandika tasnifu vizuri jana haikuharibika tarehe 14 Oktoba 2025, huduma ya kawaida ilipokoma. Kilichobadilika ni uamuzi wa mwenye programu.

Aliyetaka mwaka mmoja zaidi wa masasisho ya usalama aliambiwa alipe dola 30, au ahifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya kampuni hiyohiyo. Asiyeweza kuhama anatozwa kwa kubaki. Linux ipo, tena bure, ila programu nyingi za kazini zimejengewa nyumba ile ile.

Sentensi ya kweli ingekuwa: tumeamua kuiacha kompyuta yako. Ingeuma, lakini tungejua wa kumuuliza.