Tonge la Safari

Mgeni akikabidhiwa onigiri ya Kijapani kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: ndani kuna nini? Ana haki ya kuuliza, maana nje haoneshwi kitu zaidi ya tonge la wali la pembe tatu lililovishwa ukanda mweusi wa mwani. Mimi humwomba asubiri kidogo. Kwanza ajue kwamba tonge hili kwa kawaida halifumbatwi ili liliwe papo hapo. Hufumbatwa asubuhi na kuliwa mchana, shambani, kwenye treni au darasani, na mtu ambaye mpishi hatakuwa karibu naye. Kila linalofanyika jikoni linazifikiria saa hizo za katikati, na hapo ndipo ninapoiona sanaa yake.

Huko pwani mpishi husifiwa wali wake ukichambuka punje kwa punje. Wajapani wanataka kinyume. Mchele wao ni wa punje fupi na wanga unaonata, nao ukipoa haukakamai upesi kama basmati. Huoshwa, hurowekwa, hupikwa, kisha huachwa na kifuniko chake uive kwa mvuke wake wenyewe. Hautiwi siki, siki ni ya sushi. Nao hufumbatwa ungali moto, kwa sababu wali uliopoa hauungani vizuri. Viganja vinaungua kidogo, na mpishi anavumilia.

Itazame mikono yenyewe. Hulowanishwa maji, kisha chumvi kidogo husuguliwa viganjani, ili iwe ya kwanza kukutana na ulimi na pia isaidie wali usiharibike upesi. Wali huwekwa kiganjani, ukabonyezwa shimo katikati, kitoweo kikaingia na kufunikwa. Mkono wa chini unapakata, wa juu unakunja vidole kuunda pembe. Bonyeza, zungusha, bonyeza tena, mara chache tu. Ukikaza mno punje hupondeka. Ukilegeza mno tonge litamwagika mapajani mwa mlaji. Linatakiwa lishikike kwa nje, huku ndani kukibaki hewa baina ya punje, lipate kuachia mdomoni. Vitabu vya mapishi vinaweza kuandika gramu 100 za wali. Nguvu ya kiganja havina namna ya kuiandika.

Sasa kitoweo. Cha heshima kuliko vyote, kwangu mimi, ni umeboshi. Ume ni tunda la jamii ya aprikoti. Huvunwa karibu na Juni, likalazwa kwenye chumvi ambayo kwa desturi ya zamani hukaribia asilimia 20 ya uzito wake, likatiwa wekundu kwa majani ya shiso, kisha likaanikwa juani msimu wa mvua ukishapita. Mkoa wa Wakayama ndio unaoongoza kwa ume. Uchachu wake hukunja uso, ingawa aliyekulia achari ya ndimu hatashtuka sana. Na tunda hilo halikuwekwa pale kwa ladha tu, kwani chumvi na asidi yake huchelewesha wali kuchacha.

Vingine vinafuata kanuni hiyo hiyo ya kuwa na chumvi na kutokuwa na maji mengi. Samoni wa chumvi huchomwa na kuchambuliwa. Okaka hutokana na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi mpaka akawa mgumu kama ubao, akapigwa randa, na maranda yake yakakolezwa sosi ya soya. Kuna mwani mnene uitwao kombu, uliochemshwa ukakaukiwa na soya na sukari. Mentaiko, mayai ya samaki yenye pilipili, ni fahari ya Fukuoka. Jodari wa mayonezi ni mgeni wa juzi. Maduka ya 7-Eleven ya Japani yalianza kumuuza mwaka 1983. Mimi sina ugomvi naye, ila hujazwa kwa wingi mno, na wali ukabaki kuwa kifungashio.

Mwani wa nje, nori, una hadithi inayonigusa. Si ule unaolimwa kwenye kamba za Paje, Zanzibar, ingawa yote miwili ni mwani mwekundu. Wakulima wake waliishi kwa bahati, wasijue hujificha wapi wakati wa joto, mpaka mwaka 1949 mwanasayansi Mwingereza Kathleen Drew-Baker alipogundua kwamba sehemu ya uhai wake hupita ndani ya makombe ya baharini. Kilimo kikabadilika. Mama huyo hakuwahi kufika Japani, lakini mnara wake umesimama Uto, mkoani Kumamoto, na kila mwaka watu hukusanyika kumkumbuka.

Nori ikigusana na wali hunyong'onyea. Mwaka 1978 7-Eleven waliitenga kwa karatasi ya plastiki, mlaji alivishe tonge mwenyewe. Hata kiwanda kililazimika kuzifikiria zile saa za katikati. Mikono, hata hivyo, haikustaafu: baada ya tetemeko la Kobe la Januari 17, 1995, watu waliokoseshwa makazi walilishwa matonge yaliyofumbatwa na mikono ya watu wasiowajua. Tarehe hiyo sasa ni siku ya tonge hili nchini Japani.

Basi anza na tonge la umeboshi, lililofumbatwa kwa mkono asubuhi, ulile mchana. Fuatisha samoni, kisha okaka. Na ukifika Tokyo, nenda Asakusa kwenye mkahawa wa Yadoroku, uliofunguliwa mwaka 1954. Pale hufumbatiwa mbele yako, ukala tonge lingali moto na nori ikivunjika kwa sauti, nayo ni raha nyingine kabisa.