Nasaba ya Mwani wa Unguja

Gari la Fumba likishaipita Kiembe Samaki na uwanja wa ndege, halikawii kufika Buyu, yaliko majengo ya Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbele kidogo ni Bweleo, ambako wanawake hushuka pwani maji yakitoka kwenda kufunga mwani. Maabara na shamba vimo katika njia moja, na vimekabiliwa na swali moja tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000: kwa nini kotonii, mwani wenye bei nzuri, unakufa, huku spinosamu wa bei ya chini ukistahimili?

Jibu la kwanza lilikuwa bahari. Maji ya kina kifupi yamezidi joto, na mwani uliodhoofika hupatwa na ugonjwa unaoyafanya matawi kuwa meupe na laini, hatimaye yakakatika. Likabaki suala la mbegu.

Kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Mkulima hukata kipande cha mwani, hukifunga kwa taitai, yaani uzi mwembamba, kwenye kamba, na akishavuna hukata tena cha kupanda, kama apandavyo muhogo kwa shina. Dume na jike hawakutani, kwa hiyo kila kizazi ni nakala ya kilichotangulia. Joto linalokishinda kipande kimoja huenda likalishinda shamba zima.

Macho hayasaidii kutambua ukoo, kwani mwani uleule hubadili rangi na umbo kufuata mwanga na mkondo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stockholm walikwenda ndani zaidi: walichukua vipande vya mwani, wakatoa DNA, wakazidisha sehemu fupi ya mitokondria iliyo kati ya jeni za cox2 na cox3, kisha wakalinganisha mpangilio wa herufi zake.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa mwani wa mashambani una asili ya Kusini Mashariki mwa Asia na tofauti ndogo mno za kinasaba. Afrika Mashariki ina koo zake za asili, lakini utafiti wa mwaka 2015 ulikuta mwani wa kigeni umekwisha kuenea hadi kwenye mwani wa porini. Anayetafuta mbegu ya kienyeji, basi, hawezi kuokota tu mwambani. Lazima apime kwanza.

Ulaya walipita njia inayofanana na hiyo kwa trufu, uyoga ghali unaoota ardhini kwenye mizizi ya miti. Jenomu ya trufu nyeusi ilichapishwa mwaka 2010, na ikathibitika kuwa aina mbili za kujamiiana lazima zikutane ili uyoga uzae. Aina hizo sasa zinaweza kupimwa kwenye miche na udongo wa shamba.

Kwa mwani, kipimo cha cox2-3 kina mpaka wake: hutaja ukoo, hakitaji nguvu ya kuhimili joto. Mwani wa asili ukishatambuliwa, unahitaji kujaribiwa baharini kwa misimu kadhaa, upimwe kasi ya kukua na kiasi cha karagini, ile gundi inayofuatwa na viwanda vya chakula na dawa ya meno, kabla ya kugawiwa wakulima.