Silaha za Raia na Fundisho la Dhambi: Kuisoma Upya Insha ya 46 ya James Madison

Katika mabishano yasiyokwisha ya Marekani kuhusu haki ya raia kuwa na silaha, kila upande huwaita waasisi wa taifa lile watoe ushahidi. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifanya hivyo mwaka 2008 katika shauri la Heller, ilipoamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba haki hiyo ni ya mtu mmoja mmoja. Ikafanya hivyo tena mwaka 2022, iliposema kwamba sheria za silaha hazina budi kupatana na desturi za kihistoria. Makala haya hayakusudii kuamua mashauri hayo. Yanauliza swali ambalo mwanasheria hana wajibu wa kuliuliza, lakini mwanatheolojia hawezi kulikwepa: hoja ya waasisi ilijengwa juu ya fundisho gani kuhusu mwanadamu?

Chimbuko la hoja lajulikana. Sheria ya Haki ya Uingereza ya mwaka 1689 ilikuwa imewaruhusu raia Waprotestanti kuwa na silaha za kujilinda, kwa kadiri ya hali yao na kwa mipaka ya sheria. Wamarekani walirithi ruhusa hiyo pamoja na hofu iliyoizaa, yaani hofu ya jeshi la kudumu lililo mkononi mwa mtawala mmoja. Tarehe 19 Aprili 1775 askari wa mfalme walitoka Boston kwenda Concord kutwaa akiba ya silaha ya mgambo, na vita vikaanza njiani, huko Lexington. Katiba mpya ilipoandikwa mwaka 1787 na kuipa serikali kuu uwezo wa kuwa na jeshi, watu wengi waliona kwamba wanarudishwa Misri.

Madison aliwajibu katika insha ya 46 ya mfululizo uitwao The Federalist, iliyotoka tarehe 29 Januari 1788. Jibu lake ni hesabu. Jeshi la kudumu, asema, haliwezi kuzidi sehemu moja ya mia ya watu wote, wala sehemu moja ya ishirini na tano ya wawezao kubeba silaha. Kwa Marekani ya siku zile hilo lingekuwa jeshi la watu 25,000 au 30,000. Mbele yao wangesimama mgambo wapatao karibu 500,000, wenye silaha mikononi, chini ya maofisa waliotoka miongoni mwao wenyewe.

Msomaji wa haraka huishia hapo na kutangaza kwamba Madison aliweka uhuru wa nchi katika bunduki iliyotundikwa ukutani. Sivyo. Anapoyatazama mataifa ya Ulaya anakiri kwamba watu wake, wakiwa na silaha tu, huenda wangeweza kuvunja nira zao. Lakini analiacha jambo hilo katika huenda. Uhakika anautoa pale tu anapoongeza serikali za majimbo zilizochaguliwa na watu, zenye kuunganisha nia yao na kuteua maofisa wa mgambo. Kwa maneno mengine, anayepinga udhalimu katika insha hii si mtu mmoja aliyejifungia nyumbani kwake, bali ni mamlaka halali iliyo chini ya mamlaka nyingine, pamoja na watu wake.

Msomaji Mlutheri atakuwa amekwisha kuitambua sura hiyo. Mwaka 1550 wachungaji wa mji wa Magdeburg, akiwamo Nikolaus von Amsdorf rafiki wa Luther, walitoa Ungamo lao mji ulipokataa amri ya kidini ya Kaisari Karl V. Walifundisha kwamba mtawala mkuu anapotumia upanga kuiangamiza kweli, watawala wa chini wana wajibu wa kumzuia, kwa kuwa nao wamewekwa na Mungu. Hawakumpa kila mtu ruhusa ya kushika upanga. Warumi 13 ilibaki mahali pake. Walichosema ni kwamba mamlaka inayotajwa pale si ya Kaisari peke yake. Fikra hiyo ilichukuliwa na Theodore Beza wa Geneva na kuenea miongoni mwa Wareformed, na Madison alisomea Princeton chini ya John Witherspoon, mchungaji Mpresbiteri. Hatudai kwamba aliwahi kuishika hati ya Magdeburg mkononi. Twasema tu kwamba insha ya 46, ikivuliwa hesabu zake, ni jamaa ya karibu ya fundisho hilo, na kwamba wanaoitumia leo kumtetea mtu binafsi dhidi ya kila mamlaka wanauvunja mfupa ulioishikilia hoja nzima.

Hata hivyo, haki yatudai tuseme kwamba usomaji wa mtu binafsi haukubuniwa jana. Katika mkutano wa Pennsylvania uliopitisha Katiba mwezi Desemba 1787 kwa kura 46 dhidi ya 23, wachache walioshindwa walichapisha pingamizi lao, wakitaka watu wawe na haki ya silaha kwa kujilinda wenyewe, kwa ulinzi wa jimbo na taifa, na hata kwa kuwinda. Mwenyekiti wa mkutano ule alikuwa Frederick Muhlenberg, mchungaji wetu wa Kilutheri aliyeacha madhabahu na kuingia siasa. Kaka yake, Peter, naye mchungaji, alikwisha kuiacha mimbari mwaka 1776 na kuwa ofisa wa jeshi la mapinduzi. (Hadithi kwamba alivua joho kanisani na kuonekana amevaa sare ya kijeshi ndani yake ilichapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, na isihubiriwe kama historia.)

Sasa tufike kwenye udhaifu wa hoja yenyewe. Siku chache baada ya insha ya 46, katika insha ya 51, Madison aliandika kwamba kuwapo kwa serikali ni ushahidi kuwa wanadamu si malaika, na kwamba watawala nao wahitaji kuzuiwa kwa sababu hiyo hiyo. Hilo ni fundisho zuri la dhambi ya asili kwa lugha ya siasa. Lakini katika insha ya 46 fundisho hilo limekwenda likizo. Dhambi yote imewekwa katika jeshi la serikali kuu. Wale mgambo karibu 500,000 hawana hata doa. Je, watu wenye silaha hawawezi kuwa wadhalimu? Mwandishi alikuwa na mfano karibu. Mwezi Januari 1787 wakulima wenye madeni waliomfuata Daniel Shays walijaribu kuteka ghala la silaha la Springfield, Massachusetts, nao walijihesabu kuwa watu wanaopinga dhuluma. Na mwaka 1794 Rais Washington alikusanya mgambo karibu 13,000 ili kuwanyamazisha raia wenye silaha wa magharibi mwa Pennsylvania waliokataa kodi ya pombe kali. Mgambo waliokusudiwa kuwa kinga dhidi ya serikali kuu walikuwa tayari mkono wake.

Lakini doa kubwa zaidi limo ndani ya neno watu. Sheria ya mgambo ya mwaka 1792 ilitaja raia wanaume, huru na weupe, wa miaka 18 hadi 45. Katika sensa ya mwaka 1790 karibu watu 700,000 wa nchi ile walikuwa watumwa. Huko Virginia, jimbo la Madison mwenyewe, walikuwa karibu wawili katika kila watu watano. Kwao mgambo hawakuwa ngome ya uhuru. Walikuwa ndio jeshi la kudumu, lenye kukaa jirani na kupita usiku. Wakati mhunzi mtumwa aitwaye Gabriel alipopanga uasi karibu na Richmond mwaka 1800, gavana James Monroe aliwaita mgambo, na Gabriel pamoja na wenzake zaidi ya ishirini wakanyongwa. Kwa kipimo cha insha ya 46, kosa la Gabriel lilikuwa lipi?

Wala Madison hakuwa kipofu. Katika insha ya 43, siku sita tu kabla, aligusia kwamba watumwa wakati wa amani huhesabiwa chini ya ubinadamu, lakini wakati wa machafuko wanaweza kuinuka kuwa watu na kuuongezea nguvu upande watakaojiunga nao. Sentensi hiyo yaelekea kuungama, kisha yapita mbio. Alijua, na katika hesabu ya siku sita baadaye hawamo.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo wachambuzi wa sheria hulitaja kwa ufupi, nalo linastahili zaidi. Rasimu ya Madison ya Juni 1789 ilikuwa na kifungu kwamba mtu ambaye dhamiri ya dini yake inamkataza kubeba silaha asilazimishwe kwenda vitani yeye mwenyewe. Walengwa walikuwa hasa Waquaker, yaani Marafiki, wale ambao leo wana washarika wengi magharibi mwa Kenya. Mwezi Agosti Elbridge Gerry wa Massachusetts alikipinga: alihofu kwamba serikali ingeweza kujitwalia uamuzi wa nani ana dhamiri ya namna hiyo, kisha kuwanyang'anya silaha kwa kisingizio hicho. Baraza la Wawakilishi lilikipitisha hata hivyo, lakini Seneti ikakiondoa. Hivyo katika taifa lililosifiwa kwa uhuru wa dhamiri, haki ya kushika silaha iliingia katika Katiba tarehe 15 Desemba 1791, na haki ya kutoishika ikabaki nje. Hati iliyopelekwa kwa majimbo ilibeba sahihi ya Spika wa Baraza la Wawakilishi, naye ni Frederick Muhlenberg yule yule. Jimbo lake la Pennsylvania lilikiweka kifungu cha namna hiyo katika katiba yake ya mwaka 1790, kwa sharti kwamba mwenye dhamiri alipe fedha badala ya utumishi.