Kinyonga Anaposusa Chakula

Mwaka 1972, muuza wanyama wa kufugwa wa Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu huko Hawaii, alipokea makumi ya vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamekonda na wamekaukiwa maji. Badala ya kuwapanga dukani, aliwaachia katika bustani ya nyumba yake wapate nafuu. Nafuu waliipata: walikula, wakazaliana, wakaenea. Madhara yake nitayaeleza mwishoni. Kwa sasa tuangalie jambo moja: vinyonga wale hawakulishwa na mtu. Bustani iliwapa nini ambacho vizimba vyetu vingi vinakosa?

Kwanza, maji, tena maji ya majani. Kinyonga hajui bakuli. Yeye hulamba matone yanayoning'inia kwenye majani, na Kaneohe iko upande wa kisiwa unaopata mvua nyingi. Ulimi wake humnasa mdudu kwa ute mzito, na ute huo unahitaji maji. Kwa hiyo mfugaji anayekimbilia kununua wadudu wa kila aina huku mnyama ana kiu anapoteza muda. Mtazame macho: yakiwa yamezama ndani, amekaukiwa. Kitazame na kinyesi: ile sehemu inayotakiwa kuwa nyeupe ikiwa na rangi ya chungwa, jibu ni lilelile. Nyunyizia majani asubuhi na jioni, taratibu, kwa dakika kadhaa, kwa sababu mara nyingi huchelewa kuanza kunywa. Ukimwona anainua kichwa na kumeza, hatua kubwa imepigwa.

Pili, kimo na maficho. Ndani ya tangi la kioo kinyonga huona taswira yake, akadhani mpinzani ameingia kwake. Rangi yake hukolea, mwili hujibana, hamu ya kula hupotea. Afadhali kizimba cha wavu, kirefu kuliko upana wake, chenye matawi na majani halisi, kikiwekwa mahali pa juu ili mnyama awe juu ya macho ya watu. Kisha aachwe. Hilo ndilo gumu zaidi kwa mwenye mnyama mpya, maana kila mgeni nyumbani anataka kumshika. Siku za mwanzo asishikwe kabisa.

Joto nalo lina kipimo chake. Vinyonga waliofika Hawaii asili yao ni nyanda za juu za Mlima Kenya. Wanatosheka na nyuzi 27 hadi 29 chini ya taa, na usiku wanataka ubaridi. Kinyonga wa Yemen huhitaji joto zaidi ya hapo. Asiyepata joto lake hawezi kumeng'enya chakula, basi hali. Taa ya mionzi ya UVB nayo iwepo, kwa ajili ya mifupa.

Hapo ndipo chakula kinapoingia. Kinyonga huwinda kwa macho, na mdudu asiyetembea ni kama hayupo. Macho yake hujizungushia kila moja upande wake, mpaka kitu kikisogea: jicho moja linatua, la pili linaifuata shabaha ileile, mwili unaegemea mbele, mdomo unafunguka kidogo na ncha ya ulimi inachungulia. Ukimkaribia wakati huo, ataghairi. Mwekee panzi mmoja mdogo, nyenje au nondo kwenye tawi lililo mbele yake, kisha ondoka. Mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili. Inzi husaidia sana kwa aliyesusa, kwa kuwa hatulii. Nyenje waliobaki watolewe jioni; usiku humng'ata kinyonga aliyelala.

Mkubwa mwenye maji mwilini anaweza kupitisha siku kadhaa bila kula asidhurike, mtoto hawezi. Kumpanua mdomo kwa nguvu nakupinga waziwazi: taya na ulimi huumia, na chakula huweza kuingia kwenye mapafu. Akiendelea kususa, daktari wa wanyama apime kinyesi, maana waliokamatwa porini mara nyingi wana minyoo.

Sasa yale madhara. Wazao wa vinyonga wa Kaneohe wamesambaa katika visiwa vya Hawaii, na wanakula wadudu na konokono wa asili ambao hawapatikani kwingine duniani. Kenya ilipiga marufuku biashara ya kusafirisha vinyonga hawa nje mwaka 1981, na Tanzania ikazuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Basi usimnunue kinyonga asiye na kibali. Uliye naye, akikushinda kumtunza, mkabidhi kwa daktari wa wanyama au mamlaka ya wanyamapori, usimwachie bustanini.